Wanaojitolea kwenye mafuriko waandikwe, majina na masaa

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Kuna msomaji mwenzetu aliandika humu kwamba huku Marekani mafuriko yakipita tu serikali inakuja na cheki, unajengewa nyumba, mambo yameisha, akauliza mbona kwetu watu wanakaa kwenye mahema mpaka yanachanika. Nimeisoma barua yake mara mbili maana hiyo ndo kazi inayonilisha. Nipo Houston, kwenye ruzuku za serikali za kurudisha hali baada ya maafa niliingia mwaka ule wa kimbunga Harvey, 2017, na mahema nayajua pia, mimi ni mtoto wa Kilosa, yale mafuriko ya mwisho wa 2009 kuingia 2010 yaliyosomba reli ya kati yalitukuta nyumbani.

Ndugu yangu, cheki haiji hivyo. Utaratibu wa huku ni kwamba gavana anaomba, rais anatangaza maafa chini ya sheria inayoitwa Stafford Act ya 1988, halafu shirika la serikali kuu, FEMA, linabeba angalau asilimia 75 ya gharama za kaunti, ambazo ni kama wilaya zetu, na miji, barabara, madaraja, kuzoa takataka, majengo ya umma. Lakini kwa kawaida linarudisha, yaani kaunti inatumia kwanza hela yake halafu inadai, na kila senti inayodaiwa lazima iwe na karatasi yake. Ile 25 inayobaki ni mzigo wa jimbo na kaunti wenyewe. Mimi nakaa katikati hapo, natafuta karatasi.

Harvey ilitua Texas tarehe 25 Agosti 2017 ikagoma kuondoka. Pale Nederland, mji mdogo karibu na Beaumont, ilinyesha zaidi ya milimita 1,500 kwa siku chache tu, na Dar mwaka mzima inapata kama 1,100, hebu pigia picha. Maji yalipopungua kila nyumba ikawa na kilima mbele yake barabarani, makapeti, magodoro, jipsamu zilizolowa, mafriji yananuka, madaftari ya watoto. Lori la kuzoa linapimwa ujazo wake kabla halijaanza kazi, likifika dampo kuna mnara, mtu kasimama juu anachungulia ndani ya bodi anaandika kwenye tiketi limejaa asilimia ngapi, 85, 70, 60. Tiketi ile ndo hela. Isiyo na saa au namba ya lori inarudi, na mimi nilianzia hapo, miezi na miezi nafungua maboksi ya tiketi nyingine zimeshikana kwa unyevu unazibandua moja moja kama maganda ya kitunguu.

Na dereva wa greda aliyeajiriwa na kaunti, kwenye kazi za dharura FEMA inarudisha ovataimu yake tu, mshahara wake wa kawaida kaunti ingeulipa hata kama mvua isingenyesha. Greda yenyewe ina bei yake ya saa kwenye jedwali la FEMA kwa hiyo lazima ujue ni greda ipi, injini nguvu gani, ilikuwa barabara gani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Wazee wa watu wamefanya kazi usiku kucha kwenye maji unawafuata baada ya miezi 5 unawauliza jumanne ile uliingia saa ngapi. Wengine wanakasirika na siwalaumu.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike. Kuna kaunti moja ndogo nilipangiwa, jina silitaji, wakati wa mafuriko walifungua makazi ya muda kwenye ukumbi. Wakaja watu wa kanisa, watu wa msikiti, na ndugu zetu Wakongo wanaoongea Kiswahili ambao wengi wao wamekuja huku kama wakimbizi, wakapika, wakajaza mchanga kwenye mifuko, wakabeba wazee mgongoni, siku tatu mchana na usiku. Sheria inaruhusu masaa yale yahesabiwe, saa ya mtu aliyejitolea inapigiwa bei sawa na ya mtu anayelipwa kwa kazi kama ile, na jumla yake inaingia kupunguza ile sehemu ambayo kaunti ingetoa mfukoni. Kinachotakiwa ni jina, tarehe, masaa, mahali na kazi aliyofanya.

Nikaomba karatasi ya mahudhurio. Mama aliyekuwa msimamizi jikoni akaniletea kipande cha boksi la sahani za plastiki, alikuwa amekitunza vizuri ndani ya mfuko wa nailoni, nyuma yake kaandika kwa maka pen, kwa Kiswahili chake cha Bukavu, Mama Esperance, kaka yake Mama Esperance, wadada wa kwaya, vijana 6. Basi. Hamna saa, hamna tarehe, hamna jina la ukoo. Hakuna mkaguzi atakayepokea "vijana 6". Tulipiga simu, tulizunguka, wengine walishahamia majimbo mengine kutafuta kazi, na mwisho wa yote jasho la siku tatu za watu wale kwenye hesabu likasomeka sifuri na kaunti ikatoa hela ambayo haikupaswa kuitoa, kaunti yenyewe hohehahe. Yule mama akaniuliza, kwa hiyo tulifanya bure? Nilikosa la kumjibu na mpaka leo sijalipata. Mali bila daftari hupotea bila habari, nimekua nikiusikia msemo huo nikidhani ni wa wenye maduka.

Na huku mwenye karatasi nyingi ndo anayepona haraka, hilo msomaji mwenzetu alijue. Miaka mingi wazee wanaoishi kwenye nyumba za urithi, hati bado ina jina la bibi aliyefariki, walikuwa wananyimwa msaada wa matengenezo kwa kukosa uthibitisho wa umiliki, hadi Septemba 2021 FEMA ilipolegeza ikaanza kupokea tamko la mwenyewe. Nani kwetu hajui habari ya hati yenye jina la marehemu? Na Mei 2021 jimbo la Texas lilipogawa kama dola bilioni 1 za kukinga mafuriko, jiji la Houston lilitoka mikono mitupu, Machi mwaka uliofuata wizara ya nyumba ya serikali kuu ikasema mgao ule uliwabagua Weusi na Walatino. Kwa hiyo raha anayoisema ipo kwa baadhi.

Nyumbani utaratibu ni mwingine na sisemi tuige wa huku. Kule Hanang baada ya tope la tarehe 3 Desemba 2023 lililoua watu zaidi ya 80, serikali na wadau walijenga nyumba 109 pale Waret, ile ni kazi kubwa nasema kutoka moyoni. Na tunayo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inayoweka kamati za maafa kuanzia taifa mpaka kijijini. Kamati ipo kijijini, daftari liko wapi?

Maana sisi jambo hili tunalijua tayari. Likijengwa darasa au zahanati, kwenye ripoti utakuta nguvu za wananchi zimeandikwa kwa shilingi, mawe tuliyosomba, mchanga, maji ya kina mama, kila kitu kimepigiwa hesabu na mkuu wa wilaya anakisoma mbele ya watu. Lakini yakija mafuriko wale wale wananchi wanaotoa mtumbwi wao, wanaochimbua tope kwa majembe yao kabla greda halijafika, wanaolaza familia tatu sebuleni kwao, hao sijawahi kuona wameandikwa popote. Kilosa marehemu baba yangu alibeba watu kwa baiskeli kutoka kwenye maji mpaka usiku, baiskeli ikafa rimu zote mbili, hakuna aliyemuuliza jina. Halmashauri ikienda kuomba fedha juu, au mfadhili akiuliza jamii imechangia nini, jibu lingekuwa mezani.

Ninachoomba ni kidogo sana, mwenyekiti wa kitongoji awe na daftari moja la counter book kwenye mfuko wa nailoni, tarehe juu ya ukurasa, halafu jina kamili, kazi, mahali, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, sahihi au dole gumba, na mtu wa pili apige picha kila ukurasa kwa simu jioni aitume kwenye grupu la kijiji, maji yakichukua daftari picha inabaki. Akifanya hivyo mwalimu mmoja au kijana mmoja wa form four inatosha.

Mhariri, gazeti lenu linafika mpaka vijijini, madukani linafungiwa maandazi. Kama mtakubali, kabla masika hayajaanza chapisheni ukurasa mmoja mtupu wenye safu hizo sita, mtu akate tu na mkasi abandike ofisi ya kijiji. Kuuchora nitauchora mimi niwatumie.

Mtoto wa Kilosa,
Houston, Texas