Bendera ya Katanga ibaki kwenye pazia

Bwana Mhariri,

Nimesoma barua ya papa mmoja, mzee wetu, aliyeomba bendera ya Katanga ya siku za kujitenga ifutwe katika mapazia ya mchezo wetu mpya wa kuigiza. Aliyeyachora ni mimi, basi naomba nafasi nimjibu kwa heshima.

Onyesho la pili liko uwanja wa ndege wa Luano, hapa Lubumbashi, tarehe 17 Januari 1961. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, anashushwa pamoja na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito, mikono imefungwa. Usiku huohuo waliuawa. Nikiacha mlingoti mtupu, kijana wa leo atajuaje wametiwa mikononi mwa nani? Tangu 11 Julai 1960, Moïse Tshombe alipotangaza Katanga imejitenga na Kongo, huku kwetu kulikuwa na serikali nyingine yenye askari wake, noti zake na bendera yake. Ndiyo sababu waliletwa huku.

Nimeiweka pembeni, juu ya mlingoti: wekundu juu, utepe wa kijani umekata mshazari, chini weupe wenye misalaba mitatu ya shaba. Misalaba hiyo ndiyo iliyonisumbua. Ukichanganya nyekundu na njano peke yake, taa za jukwaani zinaigeuza rangi ya chungwa. Nikaongeza kahawia na tone la nyeusi, nikapaka juu ya kitambaa cha amerikani kilichokwisha kunywa gundi na chokaa, ndipo ikatulia. Misalaba ya namna ile ilikuwa fedha na mahari ya wazee wetu zamani, kabla Tshombe hajazaliwa. Siionei haya.

Papa anaogopa tutaamsha chuki. Woga wake naujua. Nani hapa amesahau 1992 na 1993, majirani zetu wenye asili ya mkoa wa Kasai walipofukuzwa, wakalala stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni? Lakini chuki ile haikutoka kwenye picha. Miaka ya 1970 mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu alichora historia ya nchi hapahapa Lubumbashi, Lumumba na kujitenga vyote vimo, na watu walitundika picha zake sebuleni.

Kama papa anataka walioumia chini ya bendera ile waonekane pia, tuko pamoja. Katika pazia la onyesho la tatu nimeacha nafasi ya kambi ya mwaka 1961 ya wakimbizi Waluba, waliokimbia askari wa Tshombe. Wazee waliolala kule waje wanieleze jinsi vibanda vilivyopangwa, kabla sijapaka rangi.

Mchoraji wa mapazia,
Komine Katuba, Lubumbashi