Barua kwa Rehema, kuhusu Kassim

Shoga yangu Rehema,

Assalam alaykum. Sisi wazima. Miami joto ni lilelile la Forodhani, ila urojo hakuna. Ujumbe wako kuhusu ndugu yako Kassim, kwamba anavuta bangi na unataka kumlipia soba, hiyo nyumba ya kuachishia madawa, nimeusikiliza kazini, nikaurudia kwenye basi.

Kwanza hilo la kusema bangi "mbona Marekani ruhusa". Florida bangi ni ya mgonjwa mwenye kadi tu. Mwaka 2024 walipiga kura kuwaruhusu watu wazima, ikapata kama asilimia 56, na ilitakiwa 60. Serikali kuu nayo bado inaikataza, ndiyo maana hawa akina mama wa Honduras na Nicaragua wanaogopa kuleta watoto wao wanaovuta kutibiwa kituoni kwetu. Asiye raia akikiri mbele ya uhamiaji kwamba kavuta, makaratasi yake yanaweza kuharibika.

Lakini ninalotaka kukwambia ni la baba yenu. Hapahapa Miami, miaka ya 1970, José Szapocznik na wenzake waliona vijana wa Kikuba wanaingia kwenye madawa, na nyumbani hawasikilizani: mtoto kashika Kiingereza na mambo ya mtaani, mzee kabaki na Kihispania na amri zake. Wakaamua kutibu nyumba nzima. Vikao kama 12 hadi 16, na kazi inaanzia kwenye simu, kumbembeleza yule aliyesusa, mara nyingi baba. Mwaka 1988 walichapisha matokeo yao kwa familia za Walatino: zilizofuatwa hivyo, asilimia 93 ziliingia kwenye tiba, zilizoitwa kikawaida, 42.

Juzi kijana mmoja kamtafsiria mama yake barua ya shule. Ukurasa mzima malalamiko, mama katoka anatabasamu, akidhani mwanawe kasifiwa! Nilicheka mpaka basi. Ila sasa, kwenye nyumba ile mzazi ni nani?

Kidonge cha kumwachisha mtu bangi hakijaidhinishwa hata huku. Sasa Kassim afungiwe soba miezi, arudi kwa baba anayemwita "yule"... mimi siamini. Soba zimewasaidia watu wa unga, sikatai. Huyu anavuta msokoto.

Baba anaweza kukaa naye kikao kimoja tu, hata Mjomba Haji akiwepo? Kassim anamsikiliza nani siku hizi, bado bibi? Shule anakwenda? Anavuta na nani, wale wale wa Darajani? Na Mwanaheri mbona kimya, kaolewa bila kuniambia?

Nijibu kabla hujalipa hiyo pesa.

Wako,
Salma