Mtoto wa udongo hajarudi: barua ya wazi kwa wanafunzi watafiti wa Mbeya na Iringa

Wajukuu zangu,

Mugonile. Nawaandikia kutoka Isongole, chini ya mlima Rungwe. Nilikuwa bwana shamba mpaka nikastaafu, kwa hiyo msinihesabu miongoni mwa wazee wanaoona elimu ni usumbufu. Madodoso nimeyabeba mwenyewe kwenye baiskeli, mvua ikinyesha, nikiwa nimeyafunika kwa mfuko wa mbolea huku mimi nikilowa.

Kila mwaka, wakati wa kuandika tasnifu ukikaribia, mnatufikia. Wa afya anauliza kama tunachemsha maji, wa uhandisi anapima kijito, wa sayansi anachota udongo, wa sayansi ya jamii anataka kujua nani anashika hela ya viazi humu ndani. (Hilo la mwisho muulizeni bibi akiwa peke yake, siyo mimi nikiwa nimekaa pembeni nakohoa.) Mtendaji anagonga muhuri kwenye barua yenu, mwenyekiti wa kitongoji anawatembeza. Hatujamfukuza mtu.

Sasa sikilizeni. Miaka kadhaa iliyopita alikuja kijana mmoja wa udongo. Chuo chake sikitaji. Alipita shambani kwangu kwa zigizaga, akachimba hapa na pale, akachanganya kwenye ndoo, akatia kwenye mfuko wa nailoni, akaandika jina langu juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Kazi safi, mimi mwenyewe ningempa alama. Akasema, "Babu, baada ya miezi miwili nitakuletea majibu ya tindikali na fosforasi."

Kwa udongo wetu hilo si jambo dogo. Huu ni udongo wa majivu ya volkano, unaishika fosforasi ikabaki humo humo, mmea hauipati. Unaweza kumwaga mbolea ya DAP mpaka mfuko uishe, viazi vikabaki vile vile. Na tindikali ikizidi dawa yake ni chokaa, na chokaa inachimbwa Songwe, si mbali na hapa. Majibu yale yangeniambia ninunue nini. Nikasubiri msimu wa kwanza, nikasubiri wa pili. Nikapiga simu, namba haipatikani. Nilisikia kwamba alihitimu vizuri.

Bibi yenu alikuwa akiuliza, "Mtoto wa udongo amerudi?" Alipochoka kuuliza, akaanza kuwajibu wenzenu waliofuata jibu moja kwa kila kitu: debe sita. Mahindi debe sita, viazi debe sita. Kisha akaja binti na kishikwambi, anataka kujua tunatumia kuni kilo ngapi kwa wiki. Sisi kuni tunahesabu mizigo ya kichwani, nani amewahi kupeleka kuni kwenye mizani? Kishikwambi kikakataa kwenda mbele bila namba. Bibi akamhurumia, akamwambia ishirini. Ishirini ile leo imo kwenye kitabu mahali fulani, na huenda kuna mtu anaitegemea.

Kuna waliorudi, na nawataja kwa furaha. Watafiti wa uhifadhi waliokuwa wakifanya kazi katika misitu ya Rungwe na Livingstone waliwasikia wawindaji wa Kinyakyusa wakimtaja kima mwenye haya anayeitwa kipunji. Kwa kuwa hadithi zetu zinachanganya wanyama na mizimu, walishindwa kujua kama yupo kweli. Wangeweza kuandika "imani za wenyeji" na kufunga daftari. Badala yake walirudi msituni, na mwaka 2003 wakamwona. Mwaka 2005 akatangazwa kwa ulimwengu. Kisha akanasa mmoja kwenye mtego wa mkulima, ndani ya shamba la mahindi, akafa; uchunguzi wa mwili wake ukaonyesha kwamba huyu ni jenasi peke yake, yaani ana ukoo wake mwenyewe kati ya kima, na mwaka 2006 akaitwa Rungwecebus. Afrika ilikuwa haijapata jenasi mpya ya kima tangu 1923. Wawindaji walimjua siku zote.

Au nendeni Kyela. Kuanzia 2006 hadi 2011 watafiti wa NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) Mbeya na wenzao wa Munich, Ujerumani, walizifuata kaya zile zile mwaka hadi mwaka, wakipima damu. Wakagundua kwamba kiwango cha maambukizi mapya ya VVU kwa wenye minyoo ya matende kilikuwa zaidi ya mara mbili ya kile cha wasio nayo. Matokeo yalitoka 2016. Jambo la namna hiyo hulipati kwa wiki mbili za kukusanya takwimu huku gari la chuo likiwasubiri barabarani.

Ninyi wa uhandisi sina mengi nanyi. Kabla hamjachora mashine ya viazi, shindeni siku moja Isyonje muone lumbesa, lile gunia la viazi lililojazwa kupita kiasi, inavyoshonwa na vijana wanavyoipandisha kwenye Fuso. Michoro mingi itajifuta yenyewe.

Na kurudi kwenyewe hakuhitaji fedha za mradi. Kijiji kina mkutano mkuu kila miezi mitatu. Ombeni dakika kumi. Mkishindwa nauli, andikeni nusu ukurasa kwa Kiswahili cha sokoni, mtumieni mtendaji kwa simu, abandike ukutani. Hata kama hamkupata kitu, semeni hamkupata. Nasi tumelima miaka ambayo hatukuvuna, tutawaelewa. Na walimu mnaowasimamia, kabla ya kusaini tasnifu muulizeni mtoto: kule ulikochukua, umewaambia nini?

Mfuko wangu wa udongo, kama bado uko kwenye stoo fulani, una jina langu kwa wino mweusi. Mbolea nanunua Novemba.

Ndaga fijo,
Babu yenu, Isongole