Sampu inayovuja: kwa nini gari lako linalala kwetu siku mbili

"Fundi, gasketi umenunua elfu thelathini na tano. Mimi umenitoza laki mbili na themanini. Hapo hujaniibia?"

Maneno haya niliambiwa kwa simu wiki iliyopita na mteja wetu wa Iringa, mtu mstaarabu ambaye hajawahi kunipandishia sauti. Gasketi aliyoitaja ni ule utepe unaozuia oili isivuje kati ya injini na sampu, bakuli la bati la oili lililo chini yake. Hakuwa wa kwanza. Tangu mwaka uanze nimeulizwa swali hilohilo hapa getini mara nyingi, mwenye gari kasimama na risiti mkononi. Yeye nilimjibu palepale, lakini jibu la simu huwa fupi, na anayetuletea gari la zamani ana haki ya kujua fedha yake imekwenda wapi.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z, aliloachiwa na baba yake. Injini yake ni L24, silinda sita kwa mstari mmoja, cc 2,393. Ndiyo gari lililoshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, likarudia mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Siku mbili lilizokuwa hapa Mbeya, wazee walikuwa wanakatisha safari zao kuja kuliangalia. Lakini krenki ya gari hili, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, huipati sokoni Mwanjelwa hata uzunguke siku nzima. Ukiiua injini hii, umeua kitu ambacho kukifufua ni kazi ya miezi, tena ukiwa na bahati.

Kabla ya kuja kwetu, mteja huyu alikuwa ametengenezewa kwingine kwa elfu arobaini. Sampu ilishushwa, ukingo ukafutwafutwa kwa tambara, tyubu nzima ya silikoni nyekundu, ile gundi ya kuzibia, ikapakwa kuzunguka, bila gasketi, kisha bolti zikakazwa mpaka mkono ukachoka. Lilikaa miezi mitatu bila tone, akafurahi. Baadaye likaanza tone moja asubuhi, halafu matone, halafu dimbwi chini ya gari. Ndipo akaja.

Watu wengi hawajui kwamba silikoni ukiibana kati ya vyuma viwili hutokea pande zote mbili. Ile ya nje unaiona, unaikwangua kwa kucha, unaona fundi kapaka vizuri. Ile ya ndani huioni. Inaning'inia ndani ya sampu kama ukindu, inapigwa na oili ya moto kila siku, mwishowe inakatika. Ikikatika inakwenda wapi? Kwenye strena, ule wavu wa waya uliopo mdomoni mwa bomba linalovuta oili kuipeleka kwenye pampu.

Tuliposhusha sampu ya hiyo Datsun nilimwita kijana wetu anayejifunza aje na tochi. Theluthi ya wavu ilikuwa imezibwa na vipande vyekundu, vyembamba, vimejikunja kama minyoo. Nilivitoa kimoja kimoja kwa kibano nikavipanga kwenye karatasi nyeupe. Vilikuwa kumi na saba. Picha nilimtumia mwenye gari siku ileile, na baada ya simu yake ya kulalamikia bei nikamtumia tena.

Wavu ukiziba, pampu inakosa oili ya kusukuma. Krenki na konrodi, ile mikono inayoiunganisha na pistoni, haziviringiki juu ya chuma kitupu, zinaelea juu ya utando mwembamba wa oili ndani ya beringi. Utando ukikatika, chuma kinagusa chuma, na hapo injini inanoki, yaani inagonga kwa ndani. Ikishanoki, habari ya gasketi imekwisha, tunaongea habari ya ovahoo, kuifungua injini nzima na kuiunda upya.

Mzee mmoja wa Njombe alituletea MGB yake, gari la zamani la Kiingereza, juu ya lori. Alikuwa ameona taa ya oili inawakawaka injini ikishapata joto, akaambiwa ni waya wa swichi. Tulipofungua, strena ilikuwa imezibwa na silikoni iliyochanganyika na nyuzi za pamba, ile pamba tunayofutia mikono gereji. Beringi mbili za konrodi zilikuwa zimelika mpaka shaba inaonekana. Krenki ikaenda kusagwa, beringi za saizi ya kufuata zikaagizwa kutoka Uingereza, na gari likalala miezi mitano. Mzee alilipa zaidi ya milioni tatu. Kwa ile kazi ya rahisi ya mwanzo alikuwa ameokoa laki moja na nusu. Tangu siku ile, hapa kwetu pamba haiingii ndani ya injini. Tunafutia vipande vya kanga kuukuu vilivyofuliwa, kwa sababu haviachi nyuzi.

Sasa hizo siku mbili tunafanya nini. Kabla ya kugusa bolti hata moja tunaosha injini nzima upande wa chini, tunaikausha, tunaipaka poda nyeupe, tunaiwasha, tunaendesha kidogo, halafu tunaangalia mstari wa oili umeanzia wapi. Oili hushuka. Inayodondokea kwenye sampu inaweza kuwa imetoka kwenye kifuniko cha valvu, au kwenye swichi ya presha. Bomba la kupumulia likiziba, presha inajaa ndani ya injini na kuisukuma oili itoke popote penye udhaifu, na hapo ubadilishe gasketi mara kumi itavuja mara kumi. Mwaka jana mama mmoja wa Uyole alikuja ameshaambiwa sampu ishushwe. Poda ilionyesha oili inatoka juu, kwenye kifuniko cha valvu. Alilipa elfu ishirini na tano akaondoka siku hiyohiyo. Sikumtoza kwa kazi ambayo gari halikuihitaji.

Oili tunaimwaga jioni, injini ikiwa bado ya moto, na tunaacha inachuruzika usiku kucha. Kwa baridi yetu ya Juni na Julai, ukimwaga asubuhi oili inatoka kama uji. Na ukiharakisha kushusha sampu, bloki, ule mwili wa injini, inaendelea kudondosha matone kwenye ukingo uliokwisha kuusafisha. Tone moja tu likiingia chini ya gasketi, pale ndipo patakapovuja.

Sampu ikishatoka, kazi inayokula muda ni ukingo wake. Sampu hizi ni bati lililofinyangwa. Mtu akikaza bolti kupita kiasi, bati linabonyea pale kwenye tundu na kuinuka katikati ya tundu na tundu. Ukiupitishia kidole unausikia: bonde, mlima, bonde, mlima. Gasketi mpya juu ya ukingo kama huo inabanwa kwenye bolti na kulegea kati yake. Sisi tunalaza ukingo juu ya gogo la mninga, tunagonga kila tundu taratibu kutoka upande wa ndani kwa nyundo ndogo, kisha tunailaza sampu kifudifudi juu ya kioo kinene cha meza na kuweka tochi ndani yake. Mwanga ukipenya chini, tunarudia. Ile Datsun ilirudiwa mara sita, na kazi hiyo peke yake ilitumia karibu saa tatu. Hakuna risiti ya duka inayoonyesha saa tatu za nyundo ndogo.

Mabaki ya gasketi ya zamani kwenye bloki tunayakwangua kwa mkono. Wapo wanaotumia mashine ya kusugua, inamaliza kwa dakika tano, lakini vumbi lake linarukia kwenye krenki. Strena tunaifungua, tunaiosha kwa mafuta ya taa, na gasketi yake ndogo tunaweka mpya kila mara. Ile ndogo ikipasuka, pampu inavuta hewa badala ya oili. Nimewahi kupokea gari ambalo taa ya oili iliwaka wakati linapanda Kitonga, na kisa kilikuwa gasketi ya strena iliyorudishwa ilhali imekwisha kupasuka.

Silikoni siikatai. Kwenye L24 kuna pembe nne zinazoihitaji: mbili za mbele, pale kava ya cheni inapokutana na bloki, na mbili za nyuma, penye kifuniko cha beringi ya mwisho ya krenki. Pale vyuma viwili vinakutana na kuacha kijiufa ambacho gasketi peke yake haikizibi. Tunaweka kiasi cha punje ya mchele kila pembe, basi. Ndiyo sababu ya usiku wa pili: tunaiacha ishike mpaka asubuhi kabla ya kutia oili mpya. Pembeni mwa kile kifuniko cha nyuma kuna pia vipande viwili vyembamba vya mpira. Vikikakamaa, oili inashukia kwenye maungio ya injini na giaboksi, na mtu anailaumu sampu bure.

Gasketi ya asili ya magari haya ni ile ya rangi ya udongo, ya gome kama kizibo cha chupa. Ikikaa dukani miaka mingi inakauka na kusinyaa, matundu yanapishana na bolti. Usiivute, itakatika. Tunailoweka kwenye maji ya vuguvugu, inarudi saizi yake, tunaianika kivulini.

Kwenye kukaza ndipo wengi wanaponibishia. Bolti za sampu ya L24 ni ndogo, za spana namba 10, na kipimo chake ni nyutoni mita 6 hadi 9 tu. Hiyo ni nguvu ya kifundo cha mkono, bega halihusiki. Tunaanzia katikati tukielekea miisho, kwa kupishana kulia na kushoto, mzunguko wa kwanza kwa vidole, wa pili nusu ya kipimo, wa tatu kipimo kamili kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza. Nilimkuta kijana mmoja hapa amechomeka bomba kwenye mpini wa spana ili "ishike vizuri". Nilimnyang'anya. Ukiiminya gome kupita kiasi inapasuka na kutoka nje kama siagi kwenye mkate.

Na nati ya kumwagia oili: washa ya shaba inabadilishwa kila inapofunguliwa. Pikapu moja iliyokuwa inapeleka viazi ililetwa kwetu ikivutwa kutoka Igurusi. Nyuzi za nati zilikuwa zimelika, mtu akazungushia tepu ya fundi bomba. Nati ilichomoka njiani, oili yote ikamwagika lami. Washa ni shilingi elfu moja.

Kwa hiyo ile Sh 280,000 ya mteja wa Iringa iligawanyika hivi: gasketi ya sampu 35,000, gasketi ya strena, mipira ya nyuma na washa 30,000, oili na filta 95,000, na kazi 120,000 ya mafundi wawili kwa siku mbili. Fundi wa elfu arobaini namwelewa, naye anatafuta mkate. Ila mimi siwezi kuishusha bei hiyo bila kuacha hatua mojawapo, na kila hatua niliyoitaja hapa nimeshaona gari lililoletwa kwa sababu mtu aliiruka.

Ukija, njoo jioni, na uje ukiendesha ili injini iwe ya moto. Kama sampu umeshaifungua mwenyewe na gari haliwezi kuendeshwa, usitupe bolti, tuletee zote. Baada ya kilometa 500 rudi tukaze tena kwa kipimo, kwa sababu gome hulala likishapata joto mara kadhaa. Hiyo hatutozi. Mwenye Datsun amesema atapita Jumamosi akienda Tukuyu.