Wanangu, mwili ukikataa semeni

Barua ya wazi kwa vijana wa timu yetu

Wanangu,

Jumamosi mwenzenu aliomba kutoka dakika ya 20, akishika tumbo. Mkamwita bishoo. Nilikuwa palepale chini ya mwembe, nikasikia. Kocha wenu alinyamaza, mimi siwezi.

Ninyi mnaojaza kibanda umiza kila Manchester United ikicheza, mnamjua Darren Fletcher? Mtasema ni kocha, yule aliyekabidhiwa vijana wa chini ya miaka 18 mwaka 2025. Sisi tulimwona akiwa kiungo. Mskoti mwembamba, miguu kama fito, na mwanzoni tulikuwa tunauliza kocha wao, Ferguson, kamwokota wapi. (Mimi nilikuwa wa kwanza kuuliza.) Kumbe wenyewe Waskoti walishamvika kitambaa cha unahodha akiwa na miaka 20.

Mei 2009, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya na Arsenal, mshindi ameshajulikana kabisa, akamwahi Fàbregas wa Arsenal ndani ya boksi, akagusa mpira, bado akalambwa kadi nyekundu. Fainali ya Roma akaikosa. Hadi leo watu wanamsikitikia kwa kadi ile.

Mimi nasikitika kwa jingine. Alikuwa na ugonjwa wa vidonda kwenye utumbo mpana: tumbo linasokota, chooni mara kwa mara, damu, nguvu zinakwisha. Bosi wake alijua. Wenzake wengi waliovaa naye jezi hawakujua, akawa anawapa visingizio, leo hiki, kesho kile. Fikirini mtu anakaba kiungo mzima huku hesabu yake moja iko chooni. Desemba 2011 ikabidi klabu itangaze kwamba anapumzika, bila kusema atarudi lini.

Januari 2013 akafanyiwa upasuaji. Desemba mwaka uleule alikuwa uwanjani tena. Mwaka 2015 akahamia West Brom akawa nahodha, na timu ya taifa akaichezea mechi 80. Basi asije mtu kuniambia kwamba ukisema unaumwa umejifukuzisha namba.

Ndiyo maana nilifurahi niliposikia amepewa watoto. Kijana akimwendea akamwambia, “Kocha, tumbo,” sidhani kama atamjibu, “Kaza.”

Mimi goti langu la kulia nililifunga bandeji misimu miwili, kila nikiulizwa najibu niko fiti. Hakuna aliyenilazimisha, niliogopa benchi tu. Leo mnaniona msikitini naswali nimekaa kwenye kiti, na mnadhani ni uzee.

Yule mliyemcheka hakuja mazoezini jana wala juzi. Nahodha, mpitie nyumbani kwao, usimtumie ujumbe wa simu. Nami kesho jioni nitakuwa chini ya mwembe kama kawaida. Mwenye goti, mwenye tumbo, mwenye lolote, aje kabla hamjaanza kupasha.

Mzee wenu wa chini ya mwembe