Malalamiko kuhusu "seti kamili" ya pedali za kliti na viatu visivyofungika pamoja

Moshi, Kilimanjaro
9 Juni 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUUZIWA VIATU NA PEDALI VISIVYOINGILIANA, NA KUNYIMWA FEDHA ZANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi na ni mwendesha baiskeli. Mwezi Machi niliagiza kwenu bidhaa mliyoitangaza kama "seti kamili ya anayeanza", yaani pedali za kliti, viatu vyake, na kliti zenyewe, vile vipande vinavyofungwa chini ya soli ili pedali iking'ate kiatu. Bei ilikuwa shilingi 265,000, mbali na nauli ya kifurushi kwa basi, na nililipa yote kwa simu kabla mzigo haujapakiwa, kama mlivyotaka. Kilichonifikia ni vitu vitatu ambavyo havifungiki pamoja. Nilipolalamika mkanitumia kibati cha kuunganishia, mkanilipisha, na kibati hicho ndicho kilichoniangusha barabarani. Sasa mnasema bidhaa imetumika na hairudishwi. Sikubaliani na jibu hilo, na barua hii inaeleza kwa nini.

Kwanza mjue ni mteja wa namna gani mliyemuuzia. Viatu vipya vya kampuni kubwa ukiviagiza nje mwenyewe, ukijumlisha usafiri na ushuru, vinakaribia bei ya baiskeli nzima ya mtumba. Ndiyo maana wenzangu wengi hapa huanzia Memorial, soko letu la mitumba. Ukiwa na subira ya kupekua marobota utakutana na kiatu cha baiskeli ya milimani kilichotoka Ulaya, na ukikigeuza unakuta kifuniko cha mpira chini ya soli hakijakatwa, maana yake mwenyewe wa kwanza hakuwahi kufunga kliti. Unakata kifuniko kwa kisu, unakuta matundu mapya kabisa. Mimi navaa namba 46, na namba hiyo Memorial haipatikani kirahisi. Tangazo lenu lilisema namba 46 ipo na kwamba kila kitu kimeshalinganishwa, mteja "anafunga na kuondoka". Kwa mwenye bajeti ndogo hayo ndiyo maneno ya thamani kuliko yote kwenye tangazo, kwa sababu hana fedha ya kukosea mara moja halafu anunue tena.

Sikuzitaka pedali hizi kwa mapambo. Njia ninayoipenda ni ya kutoka Himo kupandisha Marangu, na wakati wa masika soli ya raba inateleza kwenye pedali ya kawaida pale unaposimama kusukuma mlima. Mguu ukichomoka, pedali inageuka na kukugonga kwenye muundi. Pedali ya kliti inaondoa adha hiyo, kwa sharti moja tu: mguu ushikwe unapotaka ushikwe, na uachiwe unapotaka uachiwe. Sharti hilo linategemea kiatu, kliti na pedali kuwa vya mfumo mmoja.

Nami sikununua kwa kubahatisha. Kabla ya kulipa nilimwuliza muuzaji wenu kwa WhatsApp, kwa maneno haya: "Viatu hivi vinaingiliana na pedali hizi?" Akajibu: "Vyote vya kliti hivyo mkuu, ondoa shaka." Picha ya mazungumzo hayo nimeiambatisha. Nilipata jibu lililonyooka kwa swali lililonyooka, na kwa jibu hilo nikatuma fedha.

Sasa tazameni mlichotuma. Chini ya kiatu kuna soli ngumu ya plastiki, laini, isiyo na meno, na matundu matatu yaliyokaa pembe tatu: moja mbele, mawili nyuma. Kliti mliyoiweka kwenye kifurushi ni kipande kidogo cha chuma, kifupi kuliko kidole gumba changu, chenye nafasi ya bolti mbili zinazokaa sambamba. Nimeilaza kliti juu ya soli kwa kila upande. Bolti moja ikipata tundu, ya pili inakutana na plastiki tupu. Hakuna spana, wala fundi, wala nguvu ya mkono inayoweza kubadili hilo. Nilipiga picha kabla kiatu hakijagusa sakafu na nikawatumia siku ileile kifurushi kilipofika. Picha hizo mnazo.

Muuzaji wenu akanijibu kwamba hii ni teknolojia mpya, kwa hiyo usumbufu mdogomdogo haukosekani. Ndugu Meneja, jibu hilo limenikera kuliko hata kosa lenyewe. Kampuni ya Look ya Ufaransa ilileta pedali zake za kliti mwaka 1984, na mwaka uliofuata mwendesha baiskeli Bernard Hinault akashinda mashindano ya Tour de France akiwa nazo. Mpangilio wa matundu matatu umetokana na ukoo huo, nao hadi leo ni wa baiskeli za mashindano ya barabarani. Kampuni ya Shimano ya Japani ilitoa mfumo wake wa SPD mwaka 1990 kwa ajili ya baiskeli za milimani, wenye kliti ndogo ya chuma na bolti mbili, ili mtu akishuka aweze kutembea. Koo hizi mbili zimekuwepo sokoni pamoja kwa zaidi ya miaka thelathini. Anayeuza vifaa vya baiskeli anazijua, na asipozijua hapaswi kumwambia mteja aondoe shaka.

Tofauti yake si ya matundu tu. Kiatu cha bolti mbili huwa na soli yenye meno ya mpira, na kliti imezama katikati yake, kwa hiyo mtu anaweza kusukuma baiskeli yake kwenye changarawe, akaingia dukani kununua maji, akarudi bila kuteleza. Kiatu cha bolti tatu kimetengenezwa kwa ajili ya kukaa juu ya pedali. Kliti yake ni pana, mara nyingi ya plastiki, inachomoza nje ya soli, na kila hatua unayotembea inaisaga. Kwa anayeanza, tena anayebana matumizi, tena kwenye barabara zetu ambako lazima ushuke mara kwa mara, ushauri wa haki ulikuwa kiatu cha bolti mbili na pedali inayopokea kliti ya bolti mbili. Pedali mlizoniuzia ni za kliti ya bolti mbili. Mlikosea kwenye kiatu, na nadhani mliweka kiatu hicho kwa sababu ndicho kilichokuwa kimebaki stoo.

Kuna jambo jingine dogo ambalo sitaliacha lipite. Pedali hizi za Shimano kwa kawaida hutoka kiwandani zikiwa na kliti zake na bolti zake ndani ya boksi. Boksi langu lilikuja limefunguliwa, halina kliti, na kwenye karatasi yenu ya mauzo kliti zimeandikwa peke yake kwa shilingi 30,000, nazo ni za chapa nyingine. Naomba mnieleze za boksini zilikwenda wapi.

Baada ya malalamiko yangu ya kwanza niliomba kubadilishiwa viatu. Mkasema namba 46 ya bolti mbili haipo, ila kuna kibati cha kuunganishia kinachofungwa kwenye matundu matatu na kupokea kliti ya bolti mbili. Vibati vya aina hiyo vipo duniani na vingine ni vizuri. Nililipa shilingi 25,000 na nauli 5,000. Kilipofika nikampigia fundi wenu simu, naye akanielekeza hatua kwa hatua. Aliposikia kwamba kliti bado inacheza kidogo akasema "kaza kwa nguvu, itatulia". Nikakaza mpaka bolti zikakataa kuzunguka.

Nilianguka kwenye kipilefti cha Mnara wa Saa, asubuhi, watu wakiwahi kazini. Nilipunguza mwendo kupisha bajaji, nikasukuma kisigino cha kushoto nje ili mguu utoke, kisigino kikaenda nje na mguu haukutoka. Nikaenda chini na baiskeli nzima, kiwiko kikapiga ukingo wa barabara. Daladala lililokuwa nyuma yangu lilifunga breki. Namshukuru dereva yule. Mguu ungekwama wa kulia ningeangukia katikati ya njia, mbele ya magari.

Sababu tuliiona jioni, mimi na fundi wa hapa mjini, kiatu kikiwa juu ya meza. Bolti zilizokuja na kibati chenu ni ndefu kupita kina cha matundu yake. Zinagota mwisho kabla hazijaibana kliti. Kwa mkono unasikia zimekaza, kumbe zimejikaza zenyewe na kliti iko huru. Pedali za namna hii huachia pale kliti inapozunguka ndani ya mdomo wa pedali. Kliti isipobanwa kwenye soli, kiatu kinazunguka peke yake, kliti inabaki imeng'atwa palepale, na mwendeshaji hana namna ya kutoka. Fundi alikichezesha kiatu mbele yangu: soli inakwenda, kliti imetulia. Video ya tukio hilo nimewatumia. Kwa hiyo ule mchezo nilioutaja kwenye simu ulikuwa ndiyo dalili yenyewe, na fundi wenu aliusikia akaniambia nikaze.

Jibu lenu la mwisho, la tarehe 2 Juni, linasema viatu "vimetumika". Vimetumika ndiyo. Vimetumika kwa kibati mlichoniuzia ninyi, kwa maelekezo ya fundi wenu, baada ya mimi kuwaambia vikiwa vipya kabisa kwamba haviingiliani. Mngevipokea siku ile vingekuwa bado kwenye karatasi yake.

Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inamkataza mfanyabiashara kufanya jambo la kupotosha, au linaloelekea kupotosha, katika biashara. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, nayo inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Ninyi mliandika "seti kamili" na mkathibitisha kwa maandishi kwamba vinaingiliana. Karatasi ya mauzo mliyonipa, iliyoandikwa kwa kalamu, siyo risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na hilo pia naomba mlirekebishe.

Pedali sizirudishi. Ni nzima, zinazunguka vizuri, na sina ugomvi nazo. Nitasubiri mpaka nipate viatu vya mtumba vya bolti mbili. Ninachodai ni shilingi 120,000 za viatu, 30,000 za kliti, 25,000 za kibati, 5,000 za nauli ya kibati, na 18,000 nilizolipa zahanati kusafishwa na kufungwa kidonda cha kiwiko. Jumla ni shilingi 198,000. Viatu, kliti na kibati nitavirudisha kwa basi kwa gharama yenu, mkinitajia kampuni ya basi mnayoitumia.

Dai la pili halinihusu mimi na ndilo ninalolijali zaidi. Tangazo lile bado lipo, lina picha zilezile, na kijana mmoja ninayeendesha naye, anayebeba mizigo ya wageni mlimani, alinionyesha wiki iliyopita akitaka kuagiza baada ya msimu. Nimemzuia. Wengine siwafahamu na siwezi kuwazuia. Liondoeni leo. Mkilirudisha, andikeni kila kiatu kina matundu mangapi na kila pedali inapokea kliti ya aina gani, kwa Kiswahili kinachosomeka. Semeni kama kliti zimo ndani ya boksi. Na kwa anayeanza wekeni hata kikaratasi kimoja kinachomwambia alegeze springi ya pedali kwa spana ya L ya milimita 3 kabla ya kupanda mara ya kwanza, ajaribu kuingia na kutoka akiwa ameshika ukuta, na akague kwamba kliti haichezi hata kidogo chini ya soli. Karatasi hiyo haiwagharimu chochote. Na vibati vya aina ile vilivyobaki stoo visiuzwe mpaka fundi wenu apime bolti zake, na wale mliokwishawauzia wapigiwe simu. Namba zao mnazo, kwa sababu wote walilipa kwa simu.

Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Ikipita hapo, nitapeleka nakala na vielelezo vyote Tume ya Ushindani (FCC).

Wenu mteja,

Mwalimu, Moshi

Viambatisho: picha ya mazungumzo ya WhatsApp, picha za soli na kliti, karatasi ya mauzo na ujumbe wa malipo, risiti ya zahanati.