Kwa nini mlima wako unacheza?

Mama mmoja alituletea michoro 54 ya mwanawe kwenye flashi, tumtengenezee kijitabu ambacho kurasa zikiachiwa haraka picha zinaonekana kutembea. Mitumbwi mitatu ya kuvulia sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, iliyofungwa pamoja, na miti yake mirefu, inatoka ufukweni hapa Bukavu jioni. Tukachapa, tukakata kwa masiko (mashine ya kukatia karatasi), tukagandisha. Alipoziachia kurasa kwa kidole gumba, mitumbwi ilikwenda vizuri, ila mlima wa ng'ambo ulikuwa ukirukaruka. "Masiko yenu haikati sawa," akasema.

Masiko yetu ina dhambi zake, lakini hii si mojawapo. Kijana alipiga kila mchoro picha kwa simu, kisha akaipunguza kingo moja moja. Hapa milimita mbili, pale tatu. Ukitazama picha moja kwenye simu huoni kitu. Zikipita kama 12 kwa sekunde, jicho huchukua kila tofauti kuwa mwendo; halijui kwamba wewe ulitaka mitumbwi tu iende.

Kwa hiyo tunawaomba wateja: msipunguze kingo. Kabla ya kuchora, toboeni karatasi zote pamoja matundu mawili kwa perforeta (kitoboleo cha karatasi), yawe mahali pamoja. Matundu hayo ndiyo tunayotumia kulinganisha picha kwenye ordinatere (kompyuta), moja juu ya nyingine, ya juu ikiwa imefifishwa ili ya chini ionekane. Na kisichotembea kisichorwe mara 54. Mlima wa yule kijana tuliuchukua kwenye mchoro wa kwanza tukaubandika kwenye yote. Ukatulia palepale.

Kitu kingine: acheni sentimita mbili na nusu upande wa kushoto bila mchoro. Hapo ndipo gundi na vidole vinapokaa. Mwendo wote uwe kulia, la sivyo samaki wenu atakuwa anaogelea ndani ya kiganja.

Kazi inayobaki ni yetu. Kadi yetu, yaani ukurasa mmoja, ni milimita 90 kwa 60, na A4 moja inabeba tisa, hivyo picha 54 ni karatasi sita za gramu 200 kwa mita ya mraba. Hatuzipangi 1 hadi 9 kwenye karatasi ya kwanza. Kona ya kwanza hubeba 1 hadi 6, karatasi baada ya karatasi; nafasi ya pili 7 hadi 12, na kuendelea. Karatasi sita zikipita kwenye masiko pamoja, kila rundo linatoka likiwa limeshajipanga. Zamani tulikuwa tunapanga kadi kwa mkono hadi usiku, na bado picha ya 31 ilikuwa inaweza kujikuta mbele ya 30.

Kabla ya kugandisha tunalaza kurasa kidogo, kila moja ichungulie nyuma ya mwenzake, ili gumba liziachie moja moja. Ukingo ukiwa wima kama ukuta, zinatoka tano tano na hadithi inakatika. Tunapaka gundi nyeupe mara mbili, tunabana kati ya mbao mbili, inalala usiku mzima. Msimu wa mvua tunaongeza siku, maana karatasi inakunywa unyevu na kujipinda. Kuharakisha juani tulishajaribu, mgongo ulipasuka.

Wengine wanadhani haya yalizaliwa na simu. John Barnes Linnett wa Birmingham, Uingereza, alipata hataza ya kijitabu cha namna hii mwaka 1868, kabla ya sinema.

Picha 54 hazifiki sekunde tano, tunajua. Lakini watoto huzirudia mpaka jalada linachakaa, ndiyo maana mgongoni tunaweka kitambaa.

Mkileta faili, ziandikeni 01, 02, 03. Mkiandika 1, 2, 3 tu, ordinatere inaweza kuweka 10 kabla ya 2, na mitumbwi inarudi ufukweni kabla ya kuvua.